Mkalimani wa Ndani ya Simu

Neno lile nililibonyeza kwa miaka kabla sijajua kuwa ni jina la kijiji. Mafundi simu wa rika langu wote wanalifahamu. Mteja analeta simu inayowaka hadi kwenye nembo kisha inazima, inawaka tena, inazima tena. Unashikilia kitufe cha sauti pamoja na cha kuwashia, kinafunguka kioo cheusi chenye orodha ya maandishi, unateremka mstari kwa mstari hadi kwenye agizo la kufuta "dalvik cache". Unabonyeza, unasubiri, simu inaanza kuzihesabu programu zake upya moja baada ya nyingine. Mara nyingi inapona. Mteja analipa, anaondoka, nawe unavuta simu nyingine.

Meza yangu ilikuwa Mwanga, Kigoma mjini, jirani na soko. Mwishoni mwa 2014 baba mdogo alikuja kutoka Mwamgongo na simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Asiyewahi kupanda boti za Kibirizi anaweza kudhani ni uoga. Kijiji chetu kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, kimebanwa kati ya ziwa na mlima, na barabara yetu ni ziwa. Boti la mbao lenye injini nyuma linabeba watu, magunia ya unga, madumu ya mawese, kuku, mabati ya mtu anayejenga. Ziwa likichafuka, maji yanaingia yanakotaka. Simu isiyofungwa vizuri inafika mjini imekwisha kunywa maji.

Baba mdogo alivua dagaa zaidi ya miaka ishirini kabla kijiji hakijamchagua kuwa mfuatiliaji wa msitu. Kazi yake ilikuwa kupanda milima iliyo juu yetu, kuzunguka msitu wa kijiji, na kuandika anachokiona: shina lililokatwa, tanuri la mkaa, mtego wa waya, kiota cha sokwemtu, mahali moto ulipopita. Simu ilimuuliza maswali, naye akajibu. Ilipiga picha, ikachukua majira ya mahali kutoka satelaiti, ikahifadhi yote hata pasipo mtandao, ikingoja siku atakayofika penye minara.

"Fomu za wiki tatu zimo humo," aliniambia. "Zikipotea, mwanangu, nimepanda mlima bure."

Nikamtuliza. Agizo lile halifuti mali ya mtu, linafuta kazi ambayo simu inaweza kuifanya upya yenyewe. Nikabonyeza. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, miwani puani, anasoma kila kilichoandikwa, kama anavyosoma hata maandishi ya kwenye gunia la saruji.

"Dalvik ni nani?"

"Ni kitu cha ndani ya simu, bamdogo."

"Nimekuuliza ni nani. Jina halijiiti lenyewe."

Sikuwa na jibu. Simu ilipona, fomu zote zikaonekana, akanishika mkono akashukuru, akawahi boti. Mimi nikabaki na aibu ya fundi asiyejua jina la kitu anachokitengeneza kila siku. Haya ninayoyaandika ni jibu nililolitafuta kwa ajili yake, na lilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kila mlango niliofungua ulikuwa na mwingine nyuma yake.

Dalvik, nianze hapo, ni mkalimani. Neno hilo nalitumia kwa makusudi kabisa, maana hapa kwetu ukalimani ni kazi ya zamani. Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa mji wa lugha nyingi: Waha wenyeji, Warundi wa kaskazini, Wabembe na Wagoma wa ng'ambo ya ziwa, Wamanyema waliovuka na misafara ya pembe na watumwa, Waarabu na Waswahili kutoka pwani. Burton na Speke walipofika Februari 1858, walifika na mnyororo wa wakalimani. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alijua Kihindustani, alichokipata jeshini India. Msemaji wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi Afrika Mashariki na Kihindustani kinywani. Speke akisema, Bombay anageuza kuwa Kiswahili, na huku ufukweni mkalimani mwingine anakichukua Kiswahili hicho na kukifikisha kwa mwenye mtumbwi kwa lugha ya kwao. Vitabu vya wazungu vinamtaja Bombay kama mtumishi. Mimi namwona ndiye aliyebeba safari yote, maana bila yeye Speke asingeweza hata kuomba maji.

Sasa angalia kazi ya Kiswahili katika mnyororo ule. Si lugha ya Speke, na si ya mwenye mtumbwi. Kimekaa katikati. Lugha kumi zikikutana sokoni, na kila jozi ikatafuta mkalimani wake, jozi ni 45. Zote zikikubali lugha moja ya katikati, kila lugha inahitaji mtu mmoja tu anayeijua pamoja na ile ya katikati. Wakalimani 45 wanageuka 10. Ujiji ililijua hilo pasipo kufundishwa na mtu.

Kompyuta nazo zilikutana na tatizo lilelile. Kila aina ya mashine ina lugha yake ya ndani, na waandishi wa programu nao wana lugha zao wanazopenda kuandikia. Mwaka 1958, miaka mia moja kamili baada ya siku zile za Ujiji, Mmarekani Melvin Conway alichapisha pendekezo la lugha moja ya kati, iitwayo UNCOL, ambayo lugha zote zingegeuzwa kuwa yenyewe na mashine zote zingeielewa. Haikufanikiwa kama walivyotaka, lakini wazo halikufa. Katika miaka ya 1960 Martin Richards wa Cambridge aliipa lugha yake ya BCPL msimbo wa kati. Miaka ya 1970 kundi la Niklaus Wirth huko Zürich likafanya hivyo kwa Pascal, na chuo kikuu cha San Diego kikaisambaza Pascal ya namna hiyo kwenye kompyuta ndogo za kila aina. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ikatoa Java, kazi ya James Gosling na wenzake, na hapo ndipo wazo lilipoenea duniani: andika programu mara moja, igeuze kuwa baitikodi, lugha ya kati isiyo ya mashine yoyote, kisha kila mashine iwe na mkalimani wake wa kuisoma. Mkalimani huyo pamoja na vyombo vyake vyote ndiye anayeitwa mashine pepe. Ni mashine iliyotengenezwa kwa maneno matupu, inayokaa ndani ya mashine ya chuma.

Sisi Kigoma tulikutana na Java kabla hatujajua jina lake. Mnakumbuka vitochi vyenye michezo, mafaili ya jar tuliyorushiana kwa Bluetooth tukiwa tumekaa kibarazani? Ndani ya simu nyingi za wakati ule mlikuwa na mkalimani mdogo wa Java aliyepunguzwa ili aenee kwenye kumbukumbu inayopimwa kwa kilobaiti. Na si michezo peke yake. Karibu mwaka 2008, Dar es Salaam, wahudumu wa afya wa mitaani walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kupewa programu iitwayo CommCare kwenye simu ndogo, kazi ya kampuni ya Dimagi pamoja na shirika la D-tree. Chini ya CommCare kulikuwa na maktaba ya chanzo huria iitwayo JavaRosa, ambayo kazi yake ni kuichukua fomu ya maswali, kuionyesha kwenye kioo, na kuyatunza majibu. Ishike JavaRosa akilini, maana itapanda mlima wa Mwamgongo.

Swali la nani ni mwenye mkalimani lilikuwa limeshaanza kugombaniwa zamani. Java ya Sun mtu aliweza kuipata bure, lakini msimbo chanzo wake ulikuwa na masharti. Watu wa programu huria hawakusubiri. Mwaka 1996 Tim Wilkinson alitoa mashine pepe ya Java aliyoiandika mwenyewe upya, akaiita Kaffe. Wengine wakaandika upya maktaba zake. Mwaka 2005 shirika la Apache likaanzisha mradi wa Harmony kwa lengo hilohilo. Novemba 2006 Sun yenyewe ikatangaza kuifungua Java. Miaka kumi ya watu kuandika upya kitu kilichokuwepo tayari, ili tu kiwe cha wote! Nilipolisoma hilo nililala nikiliwaza. Fundi yeyote anaelewa uchungu wa kuwa na kifaa mkononi usichoruhusiwa kukifungua.

Ndipo anapoingia Dan Bornstein, mhandisi wa Google aliyepewa kazi ya kutengeneza mkalimani wa simu za Android. Mei 2008, mjini San Francisco, alisimama mbele ya watu akaeleza alivyoifanya. Nimeitazama hotuba ile usiku mwingi, kwa bando la usiku, nikirudisha nyuma kila nilipokwama. Simu aliyoifikiria ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa jumla. Mfumo ukishawaka na huduma zake zote, zimebaki kama 20 za kugawana programu nyingine. Hakuna umeme ila betri. Kila uamuzi wake unatoka kwenye ufukara huo, na ndiyo maana nampenda mtu yule ingawa hatujaonana. Alijenga kwa ajili ya kifaa maskini.

Mashine pepe ya Java inafanya kazi kwa rundo. Ifikirie kama boti la Kibirizi lililopakiwa vibaya: mzigo juu ya mzigo, ukitaka gunia la chini lazima uondoe la juu, ukimaliza ulirudishe. Kila tendo ni kuweka juu na kutoa juu. Bornstein aliacha rundo akatumia rejista, yaani kila mzigo una nafasi yake yenye namba: chukua cha nafasi ya 2, jumlisha na cha nafasi ya 5, weka nafasi ya 7. Maagizo yanakuwa marefu kidogo lakini ni machache, karibu asilimia 30 pungufu kwa maelezo yake, na kila agizo linaloepukwa ni chaji iliyobaki.

Tena, programu ya Java ni mafaili mengi, na kila faili linabeba orodha yake ya maneno, hata kama ni maneno yaleyale. Ni kama abiria arobaini, kila mmoja na jiko lake na sufuria yake. Katika Dalvik mafaili yote yanaunganishwa kuwa moja, liitwalo dex, lenye orodha moja ya maneno wanayoshirikiana wote.

Lakini kilichonigusa zaidi ni namna programu zinavyowashwa. Zamani kwetu asubuhi mama alimtuma mtoto kwa jirani akaombe kaa la moto. Nyumba moja ikiwa imeshawasha, hakuna sababu ya kila mtu kuhangaika na kiberiti. Android ina programu moja inayowashwa mapema, inapakia maktaba zote zinazohitajika, kisha inakaa na kungoja. Jina lake ni Zygote. Ukigusa programu yoyote, simu haianzi kuwasha moto upya. Inachukua nakala ya ile iliyokwisha kuwaka, na kumbukumbu inabaki ya pamoja hadi mmoja atakapotaka kuandika chake. Kwa njia hiyo kila programu ina mkalimani wake, nyumba yake, mlango wake uliofungwa, wala haiwezi kuchungulia kwa jirani, na bado megabaiti 20 zinatosha.

Tarehe 21 Oktoba 2008 msimbo chanzo wa Android uliwekwa wazi, Dalvik ikiwemo, chini ya leseni ya Apache 2.0. Mwezi huohuo simu ya kwanza, HTC Dream, ikaanza kuuzwa Marekani. Leseni ile inamaanisha hivi: chukua, soma, badilisha, uza, usiombe ruhusa. Kiwanda chochote Shenzhen kingeweza kutengeneza simu bila kulipia mkalimani. Huawei Ideos iliyoingia Kenya mwaka 2011 kwa bei isiyofika dola 100 ilitokana na mlango huo, na nyingine nyingi zilizokuja kulala kwenye meza yangu zilipita hapohapo. Watu wakizungumzia simu janja kufika vijijini wanataja minara na bei ya bando. Mimi nataja leseni. Mkalimani angekuwa wa kulipiwa kwa kila simu, fedha hiyo ingeongezwa kwenye bei, na mtu wa mwisho wa mstari ni yule anayesafiri kwa boti.

Sasa msitu. Picha za satelaiti za 1972 na za 1999 zikiwekwa pamoja zinaonyesha jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji satelaiti kulijua: ndani ya mipaka ya Gombe kijani kilibaki, nje yake milima ilivuliwa nguo. Watu waliongezeka, mashamba ya mihogo na michikichi yakapanda miteremko ambayo haifai jembe, vita vya Burundi na Kongo vikaleta wakimbizi mkoani kwetu, na kuni ni kuni. Mvua kubwa zikanyesha, mlima ukateremka. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE kwa kuanza na mambo ambayo vijiji vyenyewe viliyataka, maji, afya, miche, shule, na baadaye ikaja mipango ya matumizi ya ardhi ambamo vijiji vilitenga misitu yao. Kutenga ni kuchora mstari kwenye ramani. Anayetakiwa kuutembea mstari huo kwa miguu ni mtu kama baba mdogo.

Huko Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake, wakiwemo Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette, walianza mwaka 2008 kutengeneza vifaa vya kukusanyia taarifa kwa simu za Android. Vikaitwa Open Data Kit, kwa kifupi ODK, navyo vikawa huria. Ili kuonyesha fomu hawakuanza upya. Walichukua JavaRosa, ileile iliyokuwa chini ya simu za wahudumu wa afya Dar es Salaam. Iliandikwa kwa Java, kwa hiyo ikageuzwa kuwa dex, na Dalvik ikaisoma. Taasisi ya Jane Goodall, ikishirikiana na Google, ikawafundisha wafuatiliaji wa misitu wa vijiji vya Kigoma kuzitumia simu hizo. Kila kiungo katika mnyororo huo kilifunguliwa na aliyekitengeneza. Aliyeandika JavaRosa hakuifahamu Mwamgongo. Bornstein hakujua JavaRosa ingefika wapi. Hakuna aliyehitaji kusaini karatasi na mwenzake. Borriello alifariki mwanzoni mwa 2015, wiki chache tu baada ya siku ile baba mdogo aliposimama nyuma ya bega langu.

Kuhusu kesi nitasema kidogo, maana mawakili wameshaisema vya kutosha. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na Agosti mwaka huohuo ikaishtaki Google kwa kutumia majina na mpangilio wa milango ya Java, yaani milango ambayo programu hupitia kuiomba kazi, ndani ya Android bila leseni. Kesi ilipanda na kushuka mahakamani zaidi ya miaka kumi, hadi Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa majaji 6 dhidi ya 2 kwamba matumizi yale yalikuwa halali. Miaka yote hiyo fomu za msitu ziliendelea kujazwa.

Mkalimani naye alikuwa akikua. Mwanzoni Dalvik ilitafsiri sentensi kwa sentensi, na ikikutana na sentensi ileile mara elfu iliitafsiri mara elfu. Mei 2010, katika Android 2.2, akapewa kumbukumbu: sehemu inayorudiwarudiwa anaitafsiri mara moja tu kuwa lugha ya mashine, kisha anaishika. Oktoba 2013 akaletwa mrithi wa majaribio, ART, na kwenye simu za Android 4.4 ungeweza kumkuta katika mipangilio ya watengenezaji, mstari unaokuuliza uchague Dalvik au ART. ART alikuwa na tabia nyingine. Unapoweka programu yeye anakesha anaitafsiri yote, ili kesho asiulizwe kitu. Novemba 2014 Android 5.0 ikatoka na Dalvik ikastaafishwa. Yaani siku ile baba mdogo aliponiuliza Dalvik ni nani, kule alikotoka alikuwa ameshaandikiwa barua ya kuaga.

Nakumbuka kipindi kilichofuata mezani kwangu. Wateja walileta simu zilizosasishwa zikiwa zimesimama kwenye maandishi ya kuandaa programu ya kwanza kati ya themanini na kitu, wakidhani zimekufa. Nikawa nawaambia wakae, wanunue kahawa, mkalimani anakesha. Wengine nafasi ya kuhifadhi iliwaishia, kwa kuwa tafsiri ya kitabu kizima inahitaji shubaka kubwa kuliko tafsiri ya mdomo. Mwaka 2016, kwa Android 7.0, njia zote mbili zikachanganywa: anatafsiri mdomoni kwanza, anaona ni kipi unakitumia sana, halafu usiku simu ikiwa kwenye chaji anaandika tafsiri ya hicho tu. Nadhani hiyo ndiyo akili ya wakalimani wote wa kweli.

Hata hivyo jina halikuondoka. Chukua mfano wa meli yetu ya Liemba: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikabatizwa upya 1927, na miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikang'olewa zikawekwa za dizeli. Bodi ni lilelile. ART ni injini mpya, lakini inachokisoma bado ni dex, na dex ni kifupi cha maneno yanayoanza na Dalvik. Fungua mfumo wa simu mpya uone: folda la dalvik-cache bado lipo. Na msimbo wenyewe wa Dalvik uko wazi hadi leo. Nimeusoma sehemu zake, polepole, kama mtu anavyosoma barua ya babu aliyoandika kwa mwandiko wa zamani.

Jibu nilimpelekea baba mdogo mwenyewe. Ilikuwa 2016, nimeenda nyumbani kwa msiba, na usiku wa pili mbalamwezi ilikuwa kali. Usiku kama huo dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani na wavuvi wamekaa makundi makundi wakishona nyavu kwa mwanga wa mwezi. Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamweleza habari ya mkalimani, na Bombay, na kaa la moto kwa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na jina?"

"Ni kijiji, bamdogo. Kiko Aisilandi, kaskazini kabisa mwa dunia, ukingoni mwa ghuba ndefu. Aliyeitengeneza aliipa jina la kijiji hicho. Ni kijiji cha wavuvi."

Akageuka kunitazama vizuri. "Cha wavuvi kama sisi?"

"Wavuvi hasa. Kila Agosti walikuwa na siku ya kulisha samaki bure kila anayefika."

Aliuliza samaki gani, nikamwambia chewa. Aliuliza kama wanatumia taa, nikamweleza kwamba huko mwezi wa sita usiku hauingii giza, jua linashuka kidogo tu kisha linapanda. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi kazi yao ni ngumu. Kisha akanyamaza, akatazama juu, kule mlima ulikokuwa mweusi dhidi ya anga, upande wa mwisho wa hifadhi ambako sokwe wa kundi la Mitumba hulala.

"Juu ya kijiji chao kuna msitu?"

Nikamwambia ninachokijua. Watu walipohamia Aisilandi, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, robo ya nchi au zaidi ilikuwa na miti. Wakaikata kwa kuni na mkaa, wakafuga kondoo juu ya visiki, udongo ukaondoka na upepo, na leo milima iliyo juu ya Dalvík ni mawe, majani na theluji. Sasa wanapanda upya, mche kwa mche.

"Nani aliandika ilivyokuwa inakatwa?"

"Wakati ule hakuna aliyetumwa kuandika, bamdogo."

Akaitoa simu kwenye kopo lake, akaiwasha, akaangalia chaji imebaki kiasi gani. Akaizima, akaifunga nailoni, akaifunga kitambaa. Alikuwa na zamu ya kupanda alfajiri.